Kutu Chini ya Lori: Historia Yake, na Hasara Tuliyoipata

Halmashauri ya Chama Kikuu ilipogawa kazi ya kuandika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10, wenzangu walipewa mambo ya fahari. Mmoja alipewa kuandika juu ya ghala, wa pili juu ya bei ya mwani, wa tatu juu ya watoto waliosomeshwa kwa faida ya ushirika. Mimi niliomba kuandika juu ya kutu. Wajumbe walicheka, kisha wakanyamaza, kwa maana kila mmoja wao alilikumbuka lori letu la kwanza. Nikapewa ruhusa.

Wanachama waliojiunga nasi karibuni hawakuliona lori hilo, kwa hiyo yanipasa kulieleza kwanza. Lilinunuliwa katika mwaka wa 2 wa umoja wetu kwa fedha za hisa na mkopo. Lilikuwa lori lililokwisha kutumika, la tani 7, lililotoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam. Bodi yake iling'aa, injini yake ilinguruma vizuri, na chini yake palikuwa pamepakwa rangi nyeusi mpya, nzito, laini kama lami ya barabara. Sote tulioinama kulitazama tulifurahi kuuona weusi ule. Tulidhani ni dalili ya matunzo mema.

Katika mwaka wa 5, likiwa na shehena ya magunia ya chumvi, chasisi yake ilikatika upande wa kushoto, mahali inaposhikana na springi ya nyuma. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Utingo mmoja alivunjika mguu, na sasa anatembea. Lakini chumvi ilimwagika, mvua ikainyeshea, na msimu mzima ukapita tukisafirisha mali kwa magari ya kukodi. Malipo ya pili ya mwaka ule hayakulipwa. Akina mama wa mwani walikuwa wamekwisha kuyapangia ada za shule za watoto wao, na wengine hawajasahau mpaka leo. Wala sioni kwa nini wasahau. Sehemu ya lawama hiyo ni yangu mwenyewe, nami nitaieleza mahali pake.

Nilipokuwa katika shule ya sekondari tulifundishwa kutu kwa misumari mitatu na mirija mitatu ya kioo. Mrija wa kwanza ulitiwa maji ya kawaida na msumari. Wa pili ulitiwa maji yaliyochemshwa ili hewa iliyomo itoke, na juu yake tabaka ya mafuta ili hewa nyingine isiingie. Wa tatu haukuwa na maji hata tone; chini yake ilitiwa kloridi ya kalsiamu, dawa inyonyayo unyevu, ili hewa ya ndani iwe kavu kabisa. Baada ya wiki moja msumari wa kwanza ulikuwa mwekundu, na ile miwili mingine ilikuwa kama ilivyotoka dukani. Hivyo tulijua kuwa kutu hutaka maji na hewa pamoja, na kimoja kikikosekana haifanyiki. Niliandika jibu hilo katika mtihani, nikapata alama zangu, nikalisahau.

Mwalimu wetu hakutia mrija wa nne, wenye maji ya chumvi. Kwa shule ya pwani naona huo ndio uliokuwa mrija wa kutufaa. Chumvi yenyewe haili chuma kama mchwa alavyo ubao. Kutu ni kama betri ndogo: mahali pamoja chuma huyeyuka kidogokidogo, mahali pengine oksijeni ya hewa hutumika, na kati ya mahali hapa pawili hupita mkondo wa umeme katika maji yaliyolowesha chuma. Maji ya mvua hupitisha umeme kwa shida, lakini maji ya bahari, ambayo lita moja yake ina chumvi ya gramu 35 hivi, huupitisha kwa urahisi sana, na betri ile hufanya kazi usiku na mchana. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewa. Lori lililokauka kwa macho laweza kuwa na chumvi katika mikunjo yake, na kwa hewa nzito ya usiku wa pwani mikunjo hiyo hulowa upya bila tone la mvua kuanguka.

Yako mambo mengine mawili yenye kuifanya kutu iwe adui wa hila. La kwanza ni kwamba huvimba. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaliwa nacho, hivyo ikiingia kati ya mabamba mawili yaliyoungwa huyatanua na kuyaachanisha, na maji mengine yakapata njia. La pili ni kwamba haikingi. Aluminiamu ikishikwa na hewa huota ngozi nyembamba iliyo ngumu, na ngozi hiyo huzuia uharibifu usiendelee. Kutu ya chuma ni kama unga: hubanduka, ikaacha chuma kipya kikiwa wazi kuliwa.

Watu wa mwambao hawakungoja motokaa ndipo waujue uharibifu unaoanzia chini. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mbao zake hazikuunganishwa kwa misumari ya chuma. Chombo cha namna hiyo kilikuwa na taabu zake nyingi, ila kutu haikuwa mojawapo. Majahazi na mashua zilizopigwa misumari zilitaka uangalizi wa namna nyingine. Wakati wa maji ya bamvua nahodha alikipandisha chombo chake pwani, maji yakapwa, chombo kikabaki mchangani. Mabaharia wakaparura kila kilichoganda ubavuni, wakauacha ubao ukauke kwa jua, wakautazama ubao kwa ubao na msumari kwa msumari, wakatia kalafati ya pamba penye ufa. Baada ya hayo yote ndipo walipopaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, sehemu ikaayo majini, na sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu za juu. Kazi hii ilirudiwa kila ilipofika zamu yake, chombo kiwe kinavuja au hakivuji.

Naomba msomaji aushike utaratibu huo, kwa maana tutauhitaji baadaye: kuparura, kukausha, kutazama, na mwisho kupaka.

Wazungu nao walijifunza habari za chuma na chumvi kwa hasara kubwa. Mwaka 1761 manowari ya Uingereza iliyoitwa Alarm ilivikwa mabamba ya shaba chini yake, ili ikingwe na wadudu wa bahari watoboao mbao. Ikapelekwa katika visiwa vya Karibi. Iliporudi na kukaguliwa mwaka 1763, shaba ilikuwa njema, lakini misumari ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imelika vibaya, mingine imekuwa laini kama ugali. Mahali pachache misumari ilionekana mizima, na wakaguzi wakastaajabu, hata walipogundua sababu yake. Mabamba ya shaba yalikuwa yameletwa yamefungwa kwa karatasi ya rangi ya kahawia, na mahali hapo mafundi hawakuibandua karatasi yote. Karatasi ile ilikaa kati ya shaba na chuma, ikazuia visigusane. Hivyo uvivu wa fundi mmoja ulifundisha jambo ambalo wenye elimu hawakulijua: madini mawili ya aina mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa na jingine hupona.

Mwaka 1824 Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Uingereza, aliigeuza hasara hiyo kuwa dawa. Alifunga vipande vidogo vya zinki au vya chuma kwenye shaba ya meli kwa makusudi, ili vipande hivyo viliwe na shaba ipone. Shaba ilipona kweli. Ila shaba inayolika polepole hutoa sumu iwafukuzayo viumbe vya bahari, nayo shaba iliyokingwa haikutoa sumu hiyo tena. Majani na makombe yakajazana chini ya meli, zikawa nzito kama zinazokokota nanga. Ikawa lazima vikingio vile viondolewe. Hata hivyo elimu yake haikupotea. Meli za chuma za leo hufungwa vipande vya zinki chini yake kwa shabaha ile ile, na vikiisha hubadilishwa.

Tunda la elimu hiyo lililo karibu nasi kuliko yote liko juu ya vichwa vyetu. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer wa London alipata hataza ya kukunja mabamba ya chuma kwa mawimbi, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Kazi za watu hawa wawili zilipokutana, dunia ikapata mabati ya kuezekea. Zinki hukikinga chuma kwa njia mbili: kwanza huwa ngozi yake, na pili, bati likikwaruzwa, zinki iliyo jirani huliwa badala ya chuma kilicho wazi. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo katika bati jipya haugeuki mwekundu upesi. Lakini zinki nayo ina mwisho, na kila mwenye nyumba ufukweni anajua kuwa paa lake huwahi kuwa jekundu kuliko paa la ndugu yake aliyeko bara.

Sasa tufike kwenye motokaa. Tangu zamani motokaa nyingi zilikuwa na mifupa ya chuma, hata nyingi za zile zilizokuwa na bodi za mbao, na mifupa hiyo ndiyo tuiitayo chasisi. Mfano mzuri tunaoujua sote ni Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam mwaka 1948. Baada ya vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo kampuni ya Rover ilitengeneza bodi ya gari hilo kwa aluminiamu. Chasisi ilibaki ya chuma, mabamba yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matokeo yake ni Land Rover kuukuu ambazo mabawa na milango yake ni mizima, na chini chasisi imeoza kutoka ndani kuelekea nje. Sanduku la namna hiyo huwa na matundu ya kutokezea maji. Matundu yakizibwa na tope, maji ya chumvi hukaa humo kama kisimani. Kwa nje rangi ni nzuri. Gari hili limepita katika kila njia mbaya ya Afrika Mashariki, na mafundi wetu wangaliweza kujifunza kutoka kwake yote ambayo mimi nayaandika hapa.

Katika nchi za baridi balaa ya kutu chini ya magari ilizidi kwa sababu ya chumvi iliyotiwa barabarani na serikali zenyewe, ili kuyeyusha barafu. Katika Marekani jimbo la New Hampshire lilianza majaribio hayo mwaka 1938, na baada ya vita desturi hiyo ilienea sana. Magari yakaoza. Mwaka 1959 fundi wa bodi za magari mjini Detroit, Kurt Ziebart, alianzisha biashara ya kupuliza dawa ya kuzuia kutu ndani ya sehemu zilizofichika za gari, mahali ambapo brashi haifiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Ford ilianza kutumbukiza vyombo vya gari ndani ya pipa la rangi na kuivuta rangi ishike kwa nguvu za umeme, hata iingie kila pembe. Mwaka 1975 Porsche ilianza kutengeneza bodi za mabamba yenye zinki pande zote mbili. Hizo zilikuwa njia njema, lakini zilianzia katika magari madogo ya watu binafsi. Lori la mizigo, ambalo ndilo litulishalo sisi, mara nyingi limeachiwa chasisi iliyopakwa rangi tu.

Palikuwa pia na njia ya rahisi, nayo ni kupaka lami nzito chini ya gari zima. Ikiwa mpya, na ikipakwa juu ya chuma safi kilicho kikavu, lami hukinga, tena hupunguza kelele za kokoto. Lakini huzeeka, ikakauka, ikapasuka nyufa nyembamba. Maji huingia katika nyufa hizo, yakatambaa nyuma ya lami, yasipate njia ya kutoka. Kuanzia hapo kinga imekuwa kificho: kutu huendelea chini ya weusi mzuri, na mwenye gari haoni kitu. Wala wakubwa hawakusalimika na ugonjwa huu wa kificho. Mwaka 2016 Toyota, bila ya kukiri kosa, ilikubali kumaliza kesi katika Marekani juu ya chasisi za baadhi ya magari yake ya mizigo zilizodaiwa kuliwa na kutu kupita kiasi, kwa kuyakagua magari hayo na kubadilisha chasisi zilizoharibika.

Hapa ndipo habari za nchi za barafu zinapofika katika bandari zetu. Magari mengi yaliyotumika ambayo hununuliwa Tanzania na Kenya hutoka Japani. Japani ina sehemu zenye joto, na ina sehemu kama kisiwa cha Hokkaido ambako theluji huanguka kwa miezi. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari, ambayo yalikwangua barabara na kujaza vumbi hewani. Mwaka 1990 ilitungwa sheria ya kuyazuia, na baada ya hapo matumizi ya chumvi barabarani yaliongezeka. Humwagwa chumvi ya kawaida, na pia kloridi ya kalsiamu, ile ile dawa ya mrija wangu wa tatu! Katika mrija iliulinda msumari kwa kunyonya unyevu wote wa hewa. Ikishika chini ya gari, tabia yake hiyo hiyo ya kuvuta unyevu hukifanya chuma kisikauke kamwe. Nilipolitambua jambo hili nilikaa kitako kwa muda, nikikumbuka alama nilizopewa.

Lori letu lilitembea wapi huko kwao, hatukuuliza. Lilipokatika, fundi alichukua bisibisi akaisukuma katika ile rangi nyeusi tuliyoipenda, nayo ikaingia mpaka kwenye mpini. Nyuma ya rangi chasisi ilikuwa imekuwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari lililolowa maji likakauka. Yaelekea uozo ulianza kabla halijatufikia, na aliyelipaka lami alikuwa na haja ya kuliuza kuliko kulitunza. Lakini haifai kumtupia mwuzaji lawama yote. Lori lilikaa kwetu miaka 3, likibeba chumvi na mwani mkavu uliojaa chumvi, likiingia mpaka ufukweni kupakia, na katika miaka hiyo hatukuliosha chini hata mara moja kwa maji baridi yasiyo ya bahari.

Nimeahidi kusema lililo langu. Katika mwaka wa 3 fundi wetu aliandika barua ya kuomba tangi la maji ya kuoshea, pampu ndogo, brashi za waya, madebe mawili ya rangi yenye zinki, na siku moja ya mapumziko ya lori kila mwezi. Gharama yake haikufikia bei ya jozi moja ya matairi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitayarisha makisio. Nilikipiga mstari kifungu hicho, nikaandika pembeni, "Si cha lazima." Karatasi hiyo ingalimo katika jalada, na mwandiko ni wangu. Badala yake nilipata debe la oili chafu ya injini, bure, nikaamuru ipakwe chini ya lori lote, nikajiona mwekevu.

Siku ile tulipokuwa tukipaka, alipita uani mzee mmoja mwanachama wa ushirika wa wavuvi, nahodha aliyestaafu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chombo hiki mmekipandisha lini?"

Nikamjibu kuwa lori halipandishwi, lina magurudumu. Aliinama kwa taabu, akapitisha kidole nyuma ya springi, akakionja.

"Kina chumvi," akasema. "Mnapaka juu ya chumvi."

Nilicheka kwa adabu, naye akaenda zake. Miaka miwili baadaye nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, akanikaribisha chai wala hakulitaja neno lile.

Oili chafu naikataza katika Chama Kikuu hiki, na sababu zake nitazisema kwa kuwa najua bado yapendwa. Hushika vumbi na chumvi pamoja ikafanya tope, na mvua mbili tatu huiosha sehemu zinazohitaji kinga zaidi. Huharibu mipira ya springi na ya breki. Hudondoka ardhini, ikaenda visimani. Na ndani yake mna sumu za injini zisizofaa kushikwa kwa mikono, seuze kupulizwa hewani fundi akaivuta kwa pumzi.

Lori letu la sasa lilinunuliwa katika mwaka wa 7, na tulilitazama kwa njia nyingine. Fundi alilala chini yake na tochi na kioo kidogo, akachungulia ndani ya chasisi kwa kupitia matundu yake, kwa maana nje hupakwa rangi lakini ndani hapapakwi na mtu. Aligonga kila hatua kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa mlio wa ubao mbichi. Malori mawili tuliyaacha yalipo kwa sababu chini yalikuwa yamepakwa weusi mpya na wenyewe hawakukubali tuukwangue hata mahali padogo. Hili tulilolichukua lilikuwa na kutu ya juujuu inayoonekana wazi, na wajumbe wengine walinung'unika kuwa tumechagua lililo baya. Kutu inayoonekana yatibika.

Matibabu yake yalichukua siku 4. Siku ya kwanza lilioshwa chini kwa maji baridi mengi, nje na ndani ya chasisi, na matundu yote ya kutokezea maji yakazibuliwa kwa waya. Siku ya pili liliachwa juani likauke, na hapa ndipo watu wengi hukosa subira. Siku ya tatu lilikwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikaonekana, fundi akiwa amevaa miwani na kitambaa puani. Palipobaki wekundu ndani ya vishimo palipakwa dawa yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu iliyobaki kuwa ngozi ngumu. Dawa za jamii hii zina ukoo wa zamani: Mwingereza Thomas Watts Coslett alipata hataza ya kukikinga chuma kwa asidi hiyo mwaka 1906. Siku ya nne ilipakwa rangi yenye zinki sehemu zilizofika chuma kitupu, juu yake rangi ngumu ya chasisi, na ndani ya chasisi ikapulizwa nta laini itambaayo mpaka kwenye maungio.

Iko dawa nyingine ya aina hii yenye tanini, ambayo hukutana na kutu ikaigeuza kuwa nyeusi yenye kushikamana. Tanini imo kwa wingi katika magome ya mikoko yetu, nayo ndiyo iliyotumika tangu zamani kwa kulainisha ngozi na kutia rangi. Sisemi tuyachemshe magome, kwani mikoko ni ya kuhifadhiwa. Nasema tu kwamba dawa ya debe lenye maandishi ya kigeni ina ndugu yake mtoni kwetu.

Hayo yote ni kwa kutu ya juu. Chasisi iliyotoboka haiponi kwa rangi, wala kwa kubandikwa kiraka juu ya kilichooza. Sehemu mbovu lazima ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, kisha kichomelewe chuma cha unene ule ule, na mchomeleaji auondoe kwanza waya wa betri na kujua tangi la mafuta liko wapi. Karibu na springi na usukani afadhali aitwe fundi aliyefundishwa kazi hiyo. Mabomba ya breki yakiwa na kutu hayakwanguliwi. Hubadilishwa, kwa kuwa bomba lililokonda hupasuka siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu.

Tangu hapo lori huoshwa chini kila linaporudi kutoka ufukweni, na Jumamosi moja katika kila mwezi halitoki. Hupandishwa juu ya magogo uani, likatazamwa, na penye mkwaruzo pakatiwa rangi. Nta ya ndani hupulizwa upya kila mwaka kabla ya masika. Dereva ana daftari la kazi hiyo, naye utingo yule aliyevunjika mguu ndiye aliyeomba awe mwenye kulitia sahihi.

Najua katika Mkutano Mkuu ujao liko pendekezo la kuifuta Jumamosi hiyo, kwa hoja kwamba mwani hungoja ghalani na wanunuzi hawangoji. Hoja hiyo si ya kijinga. Siku 12 kwa mwaka ni safari 12, na kwa mama aliyevuna mwani wake majini tangu alfajiri, kila safari ni fedha. Mimi nitapinga pendekezo hilo kwa sauti na kwa kura yangu. Lori la kwanza lilipokatika tulikodi magari miezi 7, na hesabu zake zimo katika taarifa ya mwaka wa 5, ukurasa ule ule uliopaswa kuonyesha malipo ya pili. Ikiwa wanachama wataona siku hiyo ihamishwe kwenye majira ambayo mavuno ni haba, nitakubali. Kuifuta kabisa, hapana.

Kipande cha chasisi ya lori la kwanza, urefu wa shubiri moja, kiko juu ya meza yangu ofisini. Mwanachama atakaye kukitazama aje saa za kazi. Kila Jumatatu mhudumu hufuta chini yake unga mwekundu, kwa maana bado kinalika.